Mviringo Ubavuni mwa Hedvig

Sajenti Ambrose Tregear alikunja mkono wa shati hadi kwapani, akalala kifudifudi kwenye ukingo wa mashua, akauingiza mkono majini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa Juni, na Juni ya Newcastle, huku kusini mwa dunia, ni kipupwe. Haikupita dakika akawa hana tena vidole. Alikuwa na kitu tu kinachoning'inia begani, nacho alikitumia kupapasa chuma.

"Umeupata?" Orde aliuliza.

"Bado."

Lachlan Orde, mkaguzi wa meli wa bandari, alikuwa ameishikilia mashua kwa upondo wenye ndoano isisukumwe na mkondo. Juu yao ubavu wa Hedvig ulisimama kama ukuta wa ghala, mweusi, una matone ya kutu yaliyochuruzika kutoka kila tundu. Mabaharia watatu walikuwa wameegemea ubao wa juu wakiwatazama.

"Anakamata samaki," mmoja alisema.

"Mwambie aangalie, huyo samaki ana kesi."

Tregear aliwasikia, hakuinua kichwa.

Samaki mwenyewe alikuwa mviringo mweupe uliopakwa ubavuni, katikati ya meli, umekatwa na mstari mmoja uliolala. Meli za Kiingereza zote zilikuwa na alama hiyo kwa sheria, na mstari ukizama, meli imebeba kupita kiasi. Meli za kigeni hazikulazimishwa. Lakini Hedvig ilijengwa Sunderland na kubeba bendera ya Kiingereza miaka ishirini na tano kabla ya kuuzwa Norway. Ndiyo maana Orde alipouona mviringo ule Jumamosi, mstari wake ukiwa inchi nne chini ya maji, hakuwa na haja ya ushahidi zaidi. Sheria mpya ya koloni ilimruhusu kuzuia hata meli ya kigeni ikizidisha shehena, mradi imepakiwa hapahapa bandarini. Aliandika hati ya kuizuia, akampelekea konsuli wa Norway nakala, akaenda kula.

Saa mbili baadaye nahodha wa Hedvig alifika kituo cha polisi wa bandari, akaandikisha malalamiko na kutia saini. Mviringo ule si wao, alisema. Walipoinunua meli waliufunika kwa rangi nyeusi. Sasa mtu asiyejulikana ameuchora upya, tena mahali pasipo pake.

Leo Jumatatu, saa kumi alasiri, wote wangekutana ofisini kwa konsuli. Kufikia saa hiyo Tregear alitakiwa awe na jibu.

"Sheria inasema mviringo uwe na upana gani?" aliuliza.

"Inchi kumi na mbili, ukingo kwa ukingo. Mstari inchi kumi na nane. Usizidi wala usipungue."

Tregear alibana ncha ya utepe wa kupimia kwa mkono mfu, akauvuta kwa ule ulio hai. Alipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini na mara ya pili hakumwamini aliyepima.

"Kumi na mbili na zaidi ya theluthi moja," alisema. "Na mstari ni kumi na nane na nusu."

"Mkono uliteleza."

"Wa nani? Wangu au wake?"

Tregear alikwangua chembe ya rangi nyeupe kwa ukucha, akaigeuza kwenye kiganja. Chini ya weupe kulikuwa na vumbi jeusi laini, limenasa kama pilipili kwenye yai.

"Makaa yalianza kumwagwa lini humu?"

"Jumanne asubuhi. Wakamaliza Ijumaa."

"Basi aliyepaka alipaka baada ya Jumanne, vumbi lilipokwisha kutua. Na kabla ya Ijumaa, maana baadaye hapa pangekuwa chini ya maji." Aliukausha mkono kwa koti, akaanza kupapasa sehemu ya juu zaidi, ile iliyokuwa kavu, kwa mkono wa kushoto wenye uhai. Inchi tano juu ya mstari mweupe vidole vyake vilisimama. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimegongwa kwenye chuma kwa ncha ya tindo, vikienda mstari mmoja ulionyooka. Alivifuata hadi mwisho. Inchi kumi na nane kamili.

"Huu hapa mstari wenyewe," alisema. "Wa Sunderland. Uko inchi moja juu ya maji."

Orde aliangalia mahali kidole kilipokuwa. Kisha akaangalia upande wa Stockton, ng'ambo ya mto.

"Kwa hiyo haikuzidisha," alisema.

"Haikuzidisha."

Tregear alivaa koti lake. Kazi ya asubuhi ilikuwa imempa jibu la ajabu. Katika miaka kumi na moja ya polisi wa bandari alikwisha kuona watu wakipandisha mstari ili wapakie zaidi. Hakuwahi kumwona mtu akiushusha.

*

Nahodha Reidar Haugland aliwapokea sitahani bila kuwapa mkono. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mwembamba, mwenye kikohozi alichokimeza kila kilipokuja.

"Umempata?"

"Kwanza nataka kujua nani angependa meli yako isiondoke."

"Muulize huyo uliyekuja naye." Haugland alimwonyesha Orde kwa kidevu. "Amekuja hapa na ndoo gani, na brashi gani, mimi najua?"

"Mimi?" Orde alisema. "Nikitaka kukuzuia natia saini, bwana. Sihitaji kupanda ngazi na kopo la rangi kama mchora vibao."

"Mkaguzi ana bikari ya Kiingereza na utepe wa Kiingereza," Tregear alisema. "Anaijua inchi kumi na mbili hata akiwa amelala. Siye yeye. Mabaharia wako nitawaona mmoja mmoja."

Aliwaona jikoni mwa meli, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Walikuwa kumi na wanne, na wote kumi na wanne walikuwa na jina moja mdomoni. Cobley. Baharia wa Liverpool aliyechukuliwa Cape Town na kutoroka hapa Newcastle.

"Cobley huyo, Sajenti!" mpishi alisema, akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. "Mtu yule angeiba nanga kama ingeingia mfukoni. Hata paja la nguruwe lililopotea hapa, yeye."

"Alitoroka lini?"

"Jumapili ile ya kabla ya makaa."

"Akarudi kuchora mviringo?"

"Mkorofi hachoki."

"Cobley yuko mahabusu Maitland tangu Jumatatu ile," Tregear alisema. "Alimpiga mchunga farasi. Rangi imepakwa baada ya Jumanne."

Mpishi aliutazama mwiko wake. "Basi paja la nguruwe ni yeye," alisema. "Hilo siliachi."

Tregear aliandika. Alichokiandika si maneno ya mpishi, bali jinsi watu kumi na wanne walivyompa jina lilelile, kwa mpangilio uleule, bila mmoja kusita. Walikuwa wamekubaliana kumficha mtu. Na watu hawakubaliani hivyo kwa ajili ya mtu wasiyempenda.

"Kwenu Norway mnapima kwa nini?" aliuliza, kana kwamba anaongeza tu neno. "Inchi?"

"Mita, siku hizi," mpishi alisema. "Tangu serikali ibadilishe. Wazee ndio wanang'ang'ania futi."

"Futi yenu ni sawa na yetu?"

"Yetu ndefu kidogo. Kama kila kitu chetu." Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Mwiko ukabaki hewani.

"Nani mzee humu?" Tregear aliuliza.

Mpishi aligeukia moto na kuanza kukoroga sufuria iliyokuwa tupu.

*

Seremala wa meli, Anfinn Tveitane, alikuwa chini kabisa kwenye chumba cha mbele cha omo, amekaa juu ya pipa la saruji, taa imening'inia pembeni mwake. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ndevu nyeupe zilizokatwa kwa mkasi wa kukatia matanga, na mikono ambayo haikufunga wala kufunguka kabisa.

"Karibu, Sajenti. Angalia kichwa."

"Shikamoo, mzee. Nina haja na rula yako."

Tveitane alimtazama kwa muda. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa rula ya mbao ya kukunja, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Hakuuliza ya nini. Tregear aliikunjua juu ya goti na kulaza utepe wake kando yake. Futi ya mzee iliipita ya polisi kwa zaidi ya theluthi ya inchi.

"Ya baba yangu," Tveitane alisema. "Mita siielewi. Mita haina mguu wa mtu ndani yake."

"Uliupaka lini?"

"Jumatano, wakati wa chakula cha mchana. Niliteremka na ubao. Niliwaambia wenzangu nafunga tundu." Alisema bila haraka, kama mtu anayehesabu vifaa vyake mwisho wa siku. "Nilifanya kosa gani? Nilipiga mstari vizuri."

"Mviringo ni mkubwa mno kwa theluthi ya inchi."

"Aa." Mzee alitikisa kichwa, akakasirika kidogo, lakini kwa ajili ya kazi yake tu. "Hilo sikuliwaza."

"Kwa nini uliushusha, mzee?"

Tveitane aliishusha taa kutoka kwenye msumari wake, akaisogeza ubavuni mwa meli. Mahali palipotakiwa kuwa na chuma palikuwa na saruji. Kiraka kimoja kilikuwa na ukubwa wa mlango. Kingine kilipanda hadi juu kikapotea gizani. Alitoa nyundo kwenye mkanda akampa Tregear, kisha akamshika mkono kabla hajaunyanyua.

"Usigonge. Ukigonga tutazama hapahapa gatini, na mimi sijanywa chai. Bonyeza tu."

Tregear alibonyeza mpini wa nyundo kwenye chuma kando ya kiraka. Tabaka la kutu lilivunjika kama ukoko wa mkate, mpini ukadidimia urefu wa kidole. Akautoa. Maji meusi yalitokeza tundu, yakakusanyika kama jasho, yakaanza kushuka.

Mzee alichota saruji kiganjani, akaichanganya na mate, akaziba.

"Pabaya zaidi si hapa," alisema. "Pabaya ni katikati, pale mawimbi yanapolamba, nusu maji nusu hewa. Pale ndipo chuma kinapokufa. Walipoanza kupakia nilihesabu pale patakaa wapi tukishajaa. Ilikuwa inchi tatu chini ya maji. Nikasema, nikipata inchi tano tu, ule ukanda utakuwa nje. Wapunguze makaa, ipande inchi tano, basi."

"Inchi tano zingetosha mpaka Valparaiso mnakopeleka makaa?"

"Mpaka Valparaiso hapana," Tveitane alisema. "Mpaka katikati, labda."

"Ungeweza kutoroka. Cobley katoroka."

"Nikitoroka mimi, nahodha atachukua mwingine baa. Tukitoroka kumi atachukua kumi. Meli ndiyo isiyotoroka." Alijifuta kiganja kwenye goti. "Mwaka jana nilikuwa kwenye Aurland. Ya mwenye meli huyuhuyu. Nilivunjika mbavu hapa Newcastle, wakaniacha hospitali, wakaondoka. Seremala wake aliyebaki alikuwa mtoto wa dada yangu. Saruji ya mle nilichanganya mimi."

Tregear aliijua Aurland. Mwaka ule meli tano zilizopakia makaa bandarini hapo hazikufika popote. Majina yao yalikaa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya bandari hadi karani alipochoka kungoja na kuyafuta kwa kitambaa. Na Tregear ndiye aliyetumwa kwenye nyumba za wapangishaji kuchukua masanduku ya watu. Mwanzoni alikuwa anavua kofia mlangoni. Siku hizi aliuliza tu sanduku liko wapi.

"Itabidi nikuweke ndani, mzee."

"Najua. Nivae koti?"

"Vaa. Kule kuna baridi."

*

Orde alikuwa anangoja gatini, amekaa juu ya kamba zilizoviringishwa. Tregear alimkabidhi askari wa zamu mzee Tveitane, kisha akarudi na kukaa karibu naye. Mabehewa ya makaa yalikuwa yanapinduliwa kwenye tumbo la meli ya jirani, na ilibidi wangoje kelele ipite ndipo wasikilizane.

"Nimeona ndani," Tregear alisema. "Ni saruji na rangi. Unaweza kuifunga kwa hilo?"

"Ingekuwa ya kwetu ningeifunga leo. Ya kigeni, sheria imenipa macho mawili tu. Imebeba kiasi gani, na imepangaje shehena. Mwili wake ni siri yake na mwenyewe."

"Na watu waliomo?"

"Sheria haikuwataja."

Behewa jingine likapinduliwa. Vumbi likawafunika wote wawili, wala hakuna aliyejipangusa.

"Jumamosi ulipopima," Tregear alisema, "vile vishimo hukuvihisi? Viko inchi tano juu, sehemu kavu."

Orde alivitazama viganja vyake.

"Kulikuwa na baridi, Sajenti," alisema. "Sikuhisi kitu."

Tregear hakuliandika hilo.

*

Konsuli, Bwana Eustace Corbould, alikuwa mtu wa mjini hapo, muuza makaa, mwenye meza pana na bendera ndogo ya kigeni iliyosimama kwenye kidau cha wino. Makaa yaliyokuwa ndani ya Hedvig yalitoka kwake. Alimkalisha nahodha kulia na mkaguzi kushoto. Tregear alibaki amesimama.

"Haya, Sajenti. Kwa ufupi tafadhali."

"Mviringo ni wa uongo," Tregear alisema. "Mstari wa kweli umegongwa kwenye chuma, inchi tano juu yake, nao haujazama. Meli haijazidisha shehena. Aliyechora ni seremala wa meli, Tveitane. Amekiri. Yuko mahabusu tangu saa nane."

Corbould alipiga meza kwa viganja viwili. "Basi tumemaliza! Bwana Orde, ifute hati yako. Hedvig inaondoka na maji ya kesho asubuhi."

Orde alichukua kalamu. Haugland alikohoa, akakimeza kikohozi. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda kitu.

"Naweza kuendelea?" Tregear aliuliza.

"Kuna nini tena?"

Tregear alitoa karatasi ndani ya koti na kuilaza mezani. "Haya ni malalamiko ya Nahodha Haugland, yana saini yake. Yanasema kosa la jinai limetendwa kwenye ubavu wa meli yake. Nimelichunguza, ni kweli. Kesi inakwenda kwa hakimu. Kielelezo cha kesi ni lile bati lenye mistari miwili, wa kweli na wa uongo. Kielelezo hakiondoki bandarini kabla hakimu hajakiona."

"Pigeni picha!"

"Picha haionyeshi vishimo chini ya rangi, bwana. Wakili yeyote atauliza viko wapi."

"Unataka kumpeleka hakimu kwenye mashua?"

"Hakimu ana miaka sabini. Bati litapelekwa kwake. Makaa yatapunguzwa hadi meli iinuke, fundi wa vyuma atalikata, atawawekea jingine."

Corbould alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa mtu mwenye akili na ilimchukua muda mfupi tu.

"Kapteni, futa malalamiko," alisema. "Rahisi. Hakuna malalamiko, hakuna kesi, hakuna kielelezo."

"Anaweza kufuta," Tregear alisema. "Lakini akifuta, hakuna aliyechora uongo. Mviringo mweupe unabaki kuwa alama ya meli, na mstari wake uko majini. Hati ya mkaguzi inasimama. Itabidi apunguze makaa hadi uonekane, ndipo aondoke."

"Inchi nne na kidogo. Jioni moja ya kazi! Tunapunguza, tunaondoka Jumatano. Na huyo mzee wenu anatoka bure." Corbould aligeuka. "Haugland. Sema unafuta."

Tregear hakumwangalia nahodha. Aliangalia bendera kwenye kidau cha wino. Alikuwa amesema yote aliyokuwa nayo, na moyoni mwake hakupata kitu chochote, si hofu wala tumaini. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na ganzi ya asubuhi.

"Seremala," Haugland alisema. "Atafungwa muda gani?"

"Miezi mitatu. Labda minne."

"Kule ndani kuna paa?"

"Liko."

"Halivuji?"

"Halivuji."

Kikohozi kilikuja, safari hii hakukimeza. Alikohoa hadi macho yakamtoka machozi, akajifuta kwa nyuma ya mkono.

"Sifuti," alisema.

"Una wazimu?" Corbould alisema. "Unajua watakufanya nini kwenu?"

"Najua."

"Kwa ajili ya bati moja?"

"Nimelala nyuma ya bati lile miezi saba, Bwana Corbould. Wewe hujawahi hata kuligusa." Haugland alimgeukia Tregear. "Likate."

*

Walilikata Alhamisi, saa nne asubuhi. Kufikia siku hiyo Haugland hakuwa nahodha tena. Simu ya maandishi ya mwenye meli ilikuwa imefika Jumatano. Alisimama gatini na sanduku lake, katikati ya watu walewale kumi na wanne, akiwa na kofia isiyo na alama.

Fundi wa vyuma, mtu wa Ireland aliyeitwa Dacey, alikaa juu ya ubao ulioning'inizwa kwa kamba, tindo mkono mmoja na nyundo mwingine. Hedvig ilikuwa imeinuka hadi mistari yote miwili ikaonekana.

"Nani aliyechora hii?" Dacey aliuliza. "Imenyooka kuliko ile ya Sunderland."

"Kata," Orde alisema.

Dacey alilenga ribiti ya kwanza, msumari wa kuungia mabati, akaipiga. Kichwa cha ribiti kiliruka majini. Ya pili vilevile. Ya tatu haikuruka. Nyundo ilipotua, bati lenyewe lilikubali, likaikaribisha nyundo ndani hadi kwenye mpini, na Dacey almanusura aanguke majini kwa kuifuata. Alipoichomoa, makaa yalianza kutoka. Kwanza vumbi, likichuruzika kama unga wa gunia lililochanika. Kisha chembe. Kisha tundu likapasuka kwa upana wa dirisha, makaa yakamwagika mtoni, yakaendelea kumwagika.

Mabati mawili ya jirani yalilegea bila kuguswa.

Dacey alivutwa juu. Alisimama gatini akiitazama nyundo yake.

"Sikuipiga kwa nguvu," alisema, kama anayejitetea. "Jamani, mmeona. Sikuipiga kwa nguvu."

Corbould alikuwa ameingia kwenye gari lake la farasi. Orde alifungua daftari akaanza kuandika, na sasa alikuwa na cha kuandika: shehena inamwagika nje ya meli, na hilo lilikuwa ndani ya macho mawili aliyopewa na sheria. Haugland alikaa juu ya sanduku lake. Mpishi alimpa tumbaku, wakavuta pamoja, wakitazama makaa yakizama.

Tregear alikaa dakika kumi zaidi kuhakikisha bati limefungwa kwa turubai na lakiri. Kisha akapanda mlima hadi mahabusu.

Mzee Tveitane alikuwa anakula uji. Aliinua macho, kijiko kikiwa hewani.

"Wameshuka wote?"

"Wote."

"Mpishi naye?"

"Amekuwa wa kwanza kushuka. Na sufuria zake."

Mzee alirudisha kijiko kwenye bakuli. Alikaa hivyo, mikono yake isiyofunga wala kufunguka imelala magotini, mabega yakimtikisika bila sauti. Tregear alisimama mlangoni. Kulikuwa na maneno ya kumwambia mtu wakati kama huo, na alijaribu kuyakumbuka, hayakuja. Akangoja tu hadi mabega yalipotulia.

"Mabati mangapi?" Tveitane aliuliza.

"Matatu kwa nyundo moja. Wameacha kuhesabu."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Alimaliza uji wake, akaupangusa ukingo wa bakuli kwa kidole, akaliweka chini ya benchi kwa uangalifu.

"Kuna nyingine," alisema. "Ya mwenye meli yuleyule. Inakuja kutoka Port Pirie, tupu, kupakia hapa. Wiki ijayo, au ile ya pili. Ina watu kumi na tisa. Hiyo haikujengwa Uingereza, Sajenti. Haina mstari wowote chini ya rangi."

Tregear alivuta kiti cha askari wa zamu, akakaa. Alifungua daftari ukurasa mpya na kulamba ncha ya penseli.

"Jina lake," alisema. "Taratibu. Herufi moja moja."